Umeletwa na Nani?

Jumamosi, Februari 4

Leo nimekwenda kuona nyumba. Nimekwenda peke yangu na sikumwambia mtu. Mama nilimwachia chai kwenye chupa, nikamdanganya nakwenda kununua nyuzi.

Mwezi huu anatimiza miezi kumi na moja hajakanyaga ardhi. Tunakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na magoti yake yamegoma. Dunia yake ni dirisha la jikoni, na huko nje kinachoonekana ni matangi ya maji ya watu. Juzi aliniuliza kama udongo bado unanukia mvua ikinyesha. Cherehani ilikuwa inalia, nikajifanya sikusikia.

Mtaa wenyewe ni mpya, kampuni moja imejenga nyumba ishirini zinazofanana kwenye mteremko. Ya kwanza ndiyo ya mfano, imepambwa kama bibi harusi. Anayepokea wageni ni mwanamke wa makamo ambaye tabasamu lake halizimiki hata akikohoa, nami nimeshampa jina: Bi Tabasamu. Kabla hujavuka kizingiti anakupa kitabu cha wageni, kalamu imefungwa uzi. Jina, simu, saa uliyofika, na safu ya mwisho: Umeletwa na nani?

Nikaandika: Mwenyewe. Nilikandamiza kalamu mpaka ikatokea ukurasa wa pili. Nimeletewa vitu maisha yangu yote. Mume nililetewa, huyo alishaondoka. Cherehani ya pili nililetewa na mdogo wangu, ikafa kabla ya miezi miwili. Hii nyumba nimejileta mwenyewe.

Ni namba saba. Ina chumba cha nyuma chenye mlango wake wa nje, na kizingiti kifupi hata kuku anavuka bila kuruka. Nilikiona nikajua ni cha mama.

Jumapili, Februari 5

Mdogo wangu amekuja kumsalimia mama. Yeye ni dalali. Kwanza wa simu, kisha wa magari, sasa wa nyumba, na siku hizi ana kadi inayosema ni wakala wa wanunuzi. Nilishindwa kujizuia, nikamwambia habari ya namba saba.

“Kwenye kitabu uliandika?” akauliza.

“Niliandika.”

“Safu ya mwisho uliandika nini?”

Nilipomwambia, alijifunika uso kwa mikono miwili kama aliyeletewa habari ya msiba. Akanieleza, eti kampuni za nyumba mpya ndiyo desturi yao: mnunuzi akitaka kuwa na wakala wake, lazima waingie pamoja siku ya kwanza na waandikishwe pamoja. Ukishaingia peke yako, umekuwa mgeni wa kampuni mpaka ununue au ufe. Fungu la wakala linatoka kwa kampuni hiyohiyo, mimi nisingetoa kitu. Bi Tabasamu anaweza kuwa mtu mwema, akasema, lakini kazi yake ni nyumba iondoke. Kazi ya wakala wangu ingekuwa mimi nisiondoke na kitu kibovu.

Nikamwambia dalali ni dalali. Na nyumba mpya ina ubovu gani, hata panya hawajaijua? Mama alicheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, Februari 7

Vifungo mia na arobaini. Macho yanawasha.

Jumamosi, Februari 11

Alining'ang'ania mpaka tukaenda wote. Alivaa shati la kola, kashika faili. Bi Tabasamu alimketisha, akamletea maji ya kunywa, kisha akafungua kitabu ukurasa wa Jumamosi iliyopita na kukigeuza upande wake. Mwandiko wangu huo hapo. Akasema kwa upole kwamba kwa namba saba kampuni haitamtambua kama wakala. Kama ndugu anakaribishwa sana, ila kwenye mazungumzo ya mkataba ndugu hawakai.

Nilidhani atabisha. Hakubisha. Alisema basi atakuwa ndugu, akatoka nje, akaazima ndoo ya mafundi, akaijaza maji na kwenda kuimwaga taratibu nyuma ya namba saba, hatua kumi juu ya mlango wa chumba cha mama. Tukasimama watatu tunayatazama. Maji yalisitasita kidogo, yakapata njia, yakaja polepole mpaka kwenye kizingiti, yakatulia.

“Hapa panataka mtaro, dada,” akasema. “Na uandikwe kwenye mkataba kabla hujatia sahihi, na tarehe yake.”

Bi Tabasamu akasema mtaro upo kwenye mchoro, ni wa awamu ya pili. Mdogo wangu akauliza awamu ya pili ni lini. Akajibiwa ni baada ya awamu ya kwanza. Mafundi wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Tulipokuwa tunaondoka Bi Tabasamu alinishika mkono, akaninong'oneza nimwelewe kaka, mtu aliyekosa fungu lake lazima atafute kasoro. Njia nzima nilimtazama mdogo wangu kwa pembeni nikaona kweli, ana sura ya mtu aliyekosa fungu lake.

Jumatatu, Februari 13

Bi Tabasamu amepiga simu mwenyewe. Amesikia mimi ni fundi cherehani, anataka mapazia ya nyumba ya mfano, vyumba vyote. Ananiita dada. Anasema mwenye jicho kama langu hahitaji kushikwa mkono. Sijaambiwa neno zuri kama hilo tangu mwaka uanze.

Alhamisi, Februari 16

Nimekwenda kupima madirisha. Chumba cha nyuma cha nyumba ya mfano ni pacha wa chumba cha mama. Rangi ya ukuta ilikuwa mbichi, nikaambiwa nisiguse. Pazia la humo analitaka liburure sakafuni, lianzie juu na kufunika ukuta wote wa dirisha mpaka kwenye kona. Nikamweleza kwamba pazia huachwa vidole viwili juu ya sakafu, likiburura linafyonza vumbi na unyevu, pindo linaoza. Akasema wageni wanapenda liburure. Mteja ni mfalme. Nikaongeza kitambaa.

Jumanne, Februari 21

Kushona. Kushona. Mgongo.

Jumamosi, Februari 25

Nimetia sahihi. Akiba ya miaka yangu yote ya cherehani na ile ya mama imeingia kwenye karatasi kumi na nne.

Niliuliza kuhusu mtaro, nisijisingizie kwamba sikuuliza. Bi Tabasamu akafunua ukurasa wa tisa, mistari midogo kama chawa: “kazi za nje, awamu ya pili”. Tarehe hakuna. Nikasema mdogo wangu alitaka tarehe. Akaniwekea mkono begani, akasema, “Karatasi ni za wanasheria, dada. Mimi na wewe tunaaminiana.” Mapazia yangu yalikuwa yananing'inia nyuma yake, yamekaa vizuri sana. Ningeanzaje kumwambia mtu aliyetundika kazi yangu ukutani kwamba simwamini?

Nikatia sahihi. Mdogo wangu alikuwa amepiga simu mara tatu. Sikupokea.

Jumamosi, Machi 11

Tumehama. Mdogo wangu alikuja na gari la kuazima. Hajanuna, ingawa tangu nimwambie nimeshatia sahihi nyumba haitaji kabisa. Alichuchumaa mbele ya kiti cha mama, akampakia mgongoni, wakashuka ngazi zote za ghorofa tatu wakipumzika kila kona. Majirani walitoka milangoni. Mama anawaambia, “Nilimbeba miezi tisa bila kupumzika. Na yeye aonje.”

Alipomshusha namba saba, mama alivua kandambili. Akaweka unyayo mmoja kwenye udongo, kisha wa pili, akasimama ameshika mlango. Sisi tukajidai tunashusha masanduku.

Jumatatu, Machi 13

Mama ameketi mlangoni kwake tangu asubuhi. Anasalimia mpaka mafundi wa rangi.

Ijumaa, Machi 17

Ametaka mbegu za maua. Nimemletea.

Alhamisi, Machi 23

Manyunyu. Ameyasikilizia mlango wazi. Anasema udongo bado unanukia.

Jumapili, Machi 26

Mdogo wangu amezunguka nyuma ya nyumba akiangalia mawingu. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema hatafuti kitu. Nikamwambia kama ni kasoro, aende akawatafutie wateja wake. Akanywa chai, akaondoka.

Jumatatu, Aprili 3

Mvua ilianza alfajiri, ile isiyo na haraka, inayojua itakaa. Saa nne asubuhi nilikuwa sebuleni namalizia sare. Mama akaniita, sauti yake ya kawaida kabisa.

“Mwanangu, njoo uone. Kandambili zangu zinaelea.”

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo. Yanaingia chini ya mlango, na mengine, mabaya zaidi, yanatoka kwenye kona, pale ukuta unapokutana na sakafu, kimyakimya kama jasho. Mama alikuwa kitandani amekunja miguu, ameinua mkono mmoja kashika picha ya baba. Nilichota kwa ndoo, nikachota kwa sufuria, nikatandaza vitambaa vya wateja, Mungu anisamehe, vitambaa vya sare za watu. Nikipeleka ndoo moja nje, zinaingia tatu. Godoro lilikuwa limeanza kunywa kwa chini.

Nilimpigia Bi Tabasamu, simu inaita tu. Nikampigia mdogo wangu. Alifika kabla ya saa kwisha, amelowa chepechepe. Akasimama mlangoni, akatazama. Nilijua anachotaka kusema nikakaza moyo nikisubiri. Hakusema. Aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda, akasukuma kabati, akazungushia mama mfuko mkubwa wa nailoni, akachuchumaa kama siku ile.

“Panda, mama.”

Mama akapanda. Akasema tu, “Maua yangu yatakuwa yamekwenda.” Yalikuwa yamekwenda kweli, na udongo wake wote.

Siku nzima nimeungoja ule msemo wa “nilikwambia”. Angeusema ningepata pa kumshika, ningemjibu, tungegombana kama watu wa tumbo moja. Hakuusema, na hilo ndilo linaloniuma kuliko godoro.

Jumanne, Aprili 4

Bi Tabasamu amepokea. Pole nyingi. Awamu ya pili.

Jumatano, Aprili 5

Hapokei. Mvua.

Alhamisi, Aprili 6

Nimekwenda ofisini kwao mjini, dirisha la malalamiko. Karani kijana, kucha safi. Akasoma barua yangu mpaka mwisho, akauliza, “Wakala wako nani, mama?” Nikasema sina. Akanieleza kwa heshima zote kwamba malalamiko ya ujenzi huletwa na wakala wa mnunuzi, yeye ndiye anayejua vifungu. Asiye na wakala anapitia kwa aliyempokea. Aliyenipokea ni Bi Tabasamu. Basi nimezunguka mji mzima kwenye mvua kurudi kwa Bi Tabasamu.

Jumamosi, Aprili 8

Nimeingia nyumba ya mfano bila kugonga. Mgeni hakuwepo. Nilipitiliza mpaka chumba cha nyuma, nikalishika pazia langu kwa pindo, nikalifunua.

Rangi imevimba na kubanduka, na juu yake kidogo, kama penseli ya fundi, umepita mstari wa maji kuanzia kona mpaka kona. Si mstari wa juzi. Ule ni wa mvua za mwaka jana, umepakwa rangi juu na umerudi. Pindo langu limeota ukungu mweusi.

Bi Tabasamu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia, “Ulijua.” Kwa mara ya kwanza nilimwona bila tabasamu, na ana uso wa kawaida tu, uso wa mwanamke aliyechoka.

“Mimi nimepanga chumba kimoja, dada,” akasema. “Nyumba hizi nitaishia kuzionyesha. Nilisema nataka pazia liburure. Wewe ndiye uliyeshona.”

Nilitamani kumpiga. Nilikuwa nimeshika pindo la pazia, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ulikuwa unakagua mshono.

Jumapili, Aprili 9

Nimekwenda kwa mdogo wangu kumwona mama. Yeye na mke wake wana vyumba viwili, mama analala na wajukuu. Mawifi wengine wana midomo, huyu hana, anampikia na kumwogesha, na kwa sababu hiyo nilishindwa kula. Mama hakulalamika. Aliniuliza mlango wake unaendeleaje, kama anauliza habari za mtoto aliye shule ya bweni.

Jumanne, Aprili 11

Bi Tabasamu amepiga simu. Sauti ya dada imerudi. Anasema amenisemea kwa wakubwa. Mafundi wanaweza kuja Jumatatu kuchimba mtaro, wangu peke yangu, nje ya awamu. Ila na mimi nimsaidie: namba nane, iliyo chini yangu, haijaondoka, na Jumamosi ana wageni. Wageni wanapenda kuona mtu anayeishi hapa. Nije nikae tu, ninywe chai.

“Husemi uongo wowote,” akasema. “Unakaa tu.”

Nikamwambia nitafikiria. Alishakata simu.

Ijumaa, Aprili 14

Nimefua pazia la nyumba ya mfano na kushona pindo jipya. Sijaombwa.

Jumamosi, Aprili 15

Nilikaa kuanzia saa tatu, kiti cha sebuleni nyumba ya mfano, gauni langu la kitenge. Kaja mzee mmoja, akaangalia choo akaondoka. Wakaja kinadada wawili, walitaka kupiga picha.

Saa tano wakaja mume na mke. Vijana. Mume ni dereva wa lori, mke anafundisha chekechea na ana mimba, ya miezi sita hivi kwa jicho la mshonaji. Bi Tabasamu alinitambulisha kwao: mama wa namba saba. Mvua ilikuwa imepumzika na jua limetoka, kila kitu kinang'aa kwa unafiki. Binti alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Nikamsikia anamwambia mumewe, hiki cha mtoto. Nilikaza macho kwenye kikombe.

Kitabu kilikuwa mezani bado hawajakiandika. Dereva alishika kalamu, akasita. Akasema walikuwa na mtu wao, dalali, amewaambia wasiandike popote mpaka waje naye Jumanne. Leo wamepita tu kwa sababu lori limepaki karibu. Bi Tabasamu alinitazama mimi.

Binti naye akanigeukia. “Mama, wewe ndiye unakaa hapa namba saba? Ulikuja na dalali?”

“Nilikuja mwenyewe,” nikasema.

“Na mvua hizi?”

Naandika hapa nilichojibu, neno kwa neno, ili kesho nisijibadilishie. Nilisema, “Mama yangu ana chumba chake kama hicho, kina mlango wake. Siku ya kwanza alivua viatu.” Kila neno ni kweli. Nilimwona binti akitabasamu, akaweka mkono tumboni, akamwambia mumewe kama mama wa watu alikuja mwenyewe na yuko salama, wao wanamsubiri nani? Dereva akaandika.

Nilikuwa na muda. Kalamu ile ni mbovu, inakwaruza, alirudia jina lake mara mbili. Ningeweza kuinuka. Ningeweza hata kukohoa. Nilimwona mama mgongoni kwa mdogo wangu, kafungwa nailoni kama mzigo wa sokoni, na nikakaa.

Jumatatu, Aprili 17

Mafundi wamekuja, wanane. Wamechimba mtaro nyuma ya ukuta, wakausakafia, wakalaza bomba kwenye kona linalozunguka ubavuni mwa nyumba na kuishia kwenye ua wa chini. Kazi safi. Nilimuuliza mkubwa wao maji yanakwenda wapi baada ya hapo.

“Yanakwenda chini, mama,” akasema. “Ulishaona maji yakapanda?”

Chini ni namba nane. Nikawachemshia chai.

Jumanne, Aprili 18

Imenyesha tangu mchana. Nimekaa chumbani kwa mama nimetandika karatasi sakafuni kila kona. Karatasi zote kavu. Nililia, sijui kwa lipi.

Jioni Bi Tabasamu amepita na boksi la glasi sita. Zawadi ya kampuni kwa anayeleta mnunuzi. Nikasema mimi sijaleta mtu. Akatoa simu, akanionyesha ukurasa wa kitabu alioupiga picha. Umeletwa na nani? Dereva ameandika: Mama wa namba saba.

Jumapili, Aprili 23

Mdogo wangu amemrudisha mama. Alimshusha mlangoni, mama akaenda akigusa ukuta, akigusa kona, akinusa. Akasema nyumba imepona. Yeye akaenda nyuma. Nilimfuata na kikombe cha chai kwa sababu sikuwa na la kufanya na mikono.

Alisimama kwenye mtaro. Akalifuata bomba kwa macho, kona, ubavu, mpaka pale linapofungulia mdomo wake kwenye ua. Akatazama namba nane, madirisha yana karatasi bado.

“Nilikuwa na wateja Jumanne,” akasema. “Mume na mke. Wamenipigia kuomba radhi, wamekwisha kujiandikisha. Wanasema kuna mama wa namba saba, mtu mzima, mpole sana.”

Nilikuwa nimesahau kwamba dalali huwa na watu. Siku zote hizi nilimfikiria kama mtu anayetafuta fungu, haikuniingia kwamba yupo mtu mwingine, mahali fulani, anayemsubiri amwagie ndoo ya maji nyuma ya mlango. Nikamwambia mama alikuwa analala na wajukuu. Nikamwambia godoro lilioza. Nikamwambia sikusema uongo hata mmoja.

“Najua,” akasema. “Nimefanya udalali miaka kumi na minane, dada. Sijawahi kuuza nyumba kwa maneno machache hivyo.”

Aliweka kikombe kwenye ukingo wa mtaro, hajakionja. Akaingia kumuaga mama, akambusu mkono, akaondoka kwa kupitia mlango wa mama, si wangu.

Jumatano, Aprili 26

Nimempigia. Mke wake amepokea, amesema yuko bafuni.

Ijumaa, Aprili 28

Yuko bafuni.

Jumamosi, Mei 6

Wamehamia namba nane. Kitanda, meza, beseni jipya la kuogeshea mtoto. Binti amekuja kunisalimia, ameniletea andazi kwenye sahani, anasema asingekuwa yeye kama asingeanza kwa mtu aliyewaleta. Mama amempenda. Wamekaa mlangoni wanazungumza habari za mbegu.

Jumatatu, Mei 8

Mawingu. Joto. Sindano mbili zimevunjika.

Jumanne, Mei 9

Mvua kubwa ya mwaka ni ya leo. Imepiga bati tangu asubuhi na mpaka sasa, saa kumi jioni, naandika bado inapiga. Bomba linanguruma ubavuni kwangu kama cherehani isiyozimwa. Chumba cha mama ni kikavu, amejifunika kanga, mlango wake ameuegesha tu ili asikilize.

Mlango wangu wa mbele ukagongwa. Alikuwa binti wa namba nane. Gauni limelowa mpaka magotini, na si kwa juu, ni kwa chini, maji yamepanda kwenye kitambaa kama yanavyopanda kwenye pazia linaloburura. Kandambili alikuwa nazo mkononi. Mumewe yuko safarini. Alikuwa anahema, mkono mmoja chini ya tumbo.

“Mama, samahani,” akasema. “Maji yanaingia chumba cha nyuma. Nimechota yamenishinda. Nilitaka kujua tu, na kwako yanaingia?”

“Kwangu hayaingii,” nikasema.

Ni kweli. Akanitazama akisubiri niendelee, kama watu wanavyosubiri wakijua sentensi haijaisha. Sikuwa na ya pili. Nilisimama katikati ya mlango, mkono kwenye kitasa. Nikamwambia ndani ya nafsi yangu, mpigie mtu wenu, yule wa Jumanne, ana ndoo na ana mgongo. Mdomo haukufunguka.

Mama aliita kutoka chumbani kwake. “Nani huyo anagonga na mvua yote hii? Mkaribishe apate joto.”

“Ameshaondoka, mama,” nikasema.

Alikuwa bado amesimama pale kwenye ngazi, kandambili mkononi, ananisikia.